Kutu ya ngano: Nani alipe bima ya unga?

WAFANYABIASHARA wa unga wa ngano katika Afrika Mashariki wana desturi ya kutazama mambo mawili kabla ya kuagiza mzigo: thamani ya shilingi mbele ya dola na bei ya ngano katika soko la Chicago. Wenye uzoefu huongeza la tatu, nalo ni foleni ya meli katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Yote hayo ni ya maana. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya Chicago ilivuka dola 13 kwa busheli moja, ambayo ni kama kilo 27, na hata mteja wa mandazi asiyejua Ukraine iko wapi aliiona vita hiyo katika ukubwa wa andazi lake.

Liko jambo la nne ambalo ni wachache sokoni wanalolifuatilia, nalo ni ukoo wa ngano yenyewe. Ngano inayosagwa leo, ya Narok na ya Urusi vilevile, inasimama shambani kwa sababu watu fulani walikwenda kuiazimia nguvu kwa ndugu zake wa porini. Kazi hiyo ina gharama. Hapa Afrika Mashariki gharama hiyo hailipwi na wale wanaofaidika nayo zaidi, yaani wasagaji, waagizaji na wenye hisa katika biashara ya unga. Hilo ni kosa la kibiashara, na mara mbili katika miaka 30 iliyopita limekaribia kuwagharimu sana.

Ngano ya mkate ni mseto tangu mwanzo. Kiasi cha miaka 8,000 hadi 10,000 iliyopita, upande wa kusini wa Bahari ya Caspian, ngano ya kale iliyokuwa ikilimwa huko ilichavushwa kwa bahati na nyasi ya porini ambayo wataalamu huiita Aegilops tauschii. Ngano ile ilikuwa na kromosomu 28 na nyasi ilikuwa na 14. Mtoto wao akawa na 42, na ndiye anayetoa mkate, chapati na maandazi. Ngano ya tambi imebaki na zake 28 hadi leo.

Kasoro iko katika mtaji wa kuanzia. Mimea iliyohusika katika kuchanganyika kule ilikuwa michache mno, kwa hiyo ngano yote ya mkate duniani imetokana na wazazi wachache. Mwenye duka anajua maana ya kuweka fedha zote katika bidhaa ya aina moja: likitokea la kutokea, hana pa kukimbilia. Adui mkubwa wa ngano ni kutu, kuvu linalosafiri kwa upepo kutoka nchi hadi nchi na kutoa vumbi jekundu au la manjano kwenye majani na mashina. Shamba lililopendeza macho wiki tatu kabla ya kuvuna linaweza kubakiza makapi na punje zilizosinyaa.

Ndugu wa porini hawakupitia mlango ule mwembamba. Wamekaa milimani na kando ya njia kwa maelfu ya miaka wakipambana na kutu bila dawa, na ndani yao zimo kinga nyingi za namna mbalimbali. Kazi ya mtaalamu wa mbegu ni kuzitoa huko na kuziingiza katika ngano ya shambani.

Mfano unaowahusu zaidi watu wa soko ni wa rai, nafaka ndugu ya ngano inayolimwa Ulaya ya baridi. Wataalamu wa Ulaya katika karne iliyopita walifanikiwa kuingiza kipande cha kromosomu ya rai katika ngano. Kipande hicho kilipitia mbegu za Kisovieti kama Kavkaz na Aurora, kikafika katika kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano huko Mexico, CIMMYT, na kuanzia miaka ya 1980 kikasambaa katika mashamba ya mabara karibu yote. Ndani yake zilikuwamo kinga za kutu ya shina, kutu ya majani, kutu ya manjano na ugonjwa wa ukungu mweupe, na juu ya hayo kiliongeza mavuno. Kipande kimoja, faida tano. Hakuna mkulima angekikataa.

Waokaji peke yao ndio walionung'unika. Protini za rai zilizokuja na kipande hicho hufanya unga uliokandwa unate kwenye mashine, na mkate usiumuke vizuri. Mwenye kiwanda cha mikate anayelalamikia unga wa msimu fulani kuliko wa msimu mwingine pengine analalamikia rai bila kujua.

Dunia nzima ilipoegemea kinga ile moja, kilichofuata kilitabirika. Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda, ilionekana kutu ya shina ikiila ngano yenye kinga ya rai. Ilipewa jina Ug99, Ug kwa Uganda na 99 kwa mwaka 1999 ilipotambuliwa rasmi. Ikaonekana Kenya, kisha Ethiopia mwaka 2003, Sudan na Yemen mwaka 2006, Iran mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2009. Hatimaye kutu za ukoo huo ziligunduliwa katika nchi zaidi ya 12, Afrika Kusini na Misri zikiwamo. Mbegu za nchi mbalimbali zilipopimwa, zaidi ya asilimia 80 zilikutwa hazina ubavu wa kuihimili.

Kenya ilionja machungu yake mapema. Wakulima walikuwa wamehamia mbegu ya Kenya Mwamba, iliyokuwa na kinga nyingine, safari hii kutoka nyasi ya porini iitwayo Thinopyrum ponticum. Mwaka 2006 Ug99 ikabadilika na kuivunja kinga hiyo nayo. Mwaka 2007, wakati Kenya Mwamba ikiwa imechukua karibu asilimia 30 ya eneo la ngano nchini humo, kutu iliikumba vibaya. Mwaka uleule likaonekana badiliko jingine lililovunja kinga ya tatu, iliyotoka kwa ndugu mwingine wa ngano, Triticum timopheevii. Kinga tatu zilianguka ndani ya miaka tisa.

Wapo waliosoma habari hizo wakahitimisha kuwa kupandanisha ngano na nyasi ni kupoteza fedha, kwa kuwa kutu hushinda kila mara. Hitimisho hilo ni la haraka. Kilichoshindwa ni utaratibu wa kutumia kinga moja moja, kama mtu anayefunga ghala kwa kufuli moja na kuligawia taifa zima funguo zake. Kazi iliyofanyika Njoro, Kenya, tangu mwaka 2005 ilikuwa ya namna nyingine. Mbegu kutoka nchi nyingi zililetwa kupandwa katika mashamba ya kituo hicho cha utafiti, misimu miwili kwa mwaka, katikati ya kutu yenyewe. Zilizokufa ziliachwa. Zilizosimama zilipandanishwa tena, kinga mbili, tatu au zaidi ndani ya mmea mmoja, zikichanganywa na kinga za polepole ambazo hazizuii kutu kabisa bali huichelewesha hadi mavuno yawe tayari.

Mwaka 2011 Kenya ikatoa mbegu mpya, zikiwamo Robin na Eagle 10, zilizohimili Ug99 ya wakati huo. Robin ilipendwa kwa mavuno yake. Miaka michache baadaye zikajitokeza aina mpya za kutu zilizoiweza nayo. Mwenye akili ya biashara haoni kioja hapo. Bima hulipiwa kila mwaka, na ukiacha kulipa mwaka ambao nyumba haikuungua, huna bima.

Thamani ya bima hii ilionekana Bangladesh. Mwaka 2016 ugonjwa wa kuvu uitwao blasti, ambao ulijulikana Brazil tangu mwaka 1985, ulizuka huko kwa mara ya kwanza barani Asia na kuharibu maelfu ya hekta za ngano. Kufikia mwaka 2017 Bangladesh ilikwisha kutoa mbegu inayouhimili, BARI Gom 33. Iliwezekana kwa haraka hiyo kwa sababu kinga ilikuwa tayari kabatini. Wafaransa, miongo kadhaa kabla, walikuwa wameingiza kipande cha kromosomu ya nyasi Aegilops ventricosa katika ngano kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa. Kipande hicho kilikuja kukutwa kinazuia blasti, ugonjwa ambao hawakuwa wakiuwazia.

Wafanyabiashara wa Tunduma na Nakonde wana sababu ya kuifuata habari hiyo. Blasti ya ngano ilithibitishwa Zambia kutokana na msimu wa 2017 na 2018, mara ya kwanza Afrika, katika mkoa wa Muchinga. Huo ndio mkoa unaopakana na Tanzania pale mpakani. Magunia yanavuka, na mbegu ndani yake.

Sasa ije hesabu. Kinga ya porini haichukuliwi kama mtu anavyochukua sukari dukani. Ngano na nyasi hawapendani. Mara nyingi mtoto wao hufa angali mchanga, na mtaalamu hulazimika kumtoa katika punje na kumlea katika chupa maabara. Akikua, nusu yake ni nyasi: mrefu, punje ndogo, suke linalovunjika kabla ya kuvunwa. Anarudishwa kwa ngano ya shambani mara ya kwanza anakuwa robo tatu ngano, mara ya pili asilimia 87 na nusu, na kila mzunguko sehemu ya nyasi inapungua kwa nusu. Baada ya mara sita anafika kama asilimia 99, na hata hapo ile asilimia moja inaweza kuwa na balaa. Kinga mojawapo kutoka nyasi ya Thinopyrum ilikuja imeshikana na rangi ya manjano inayoupaka unga, na msagaji anayeuza unga mweupe hataki kuisikia. Ilibidi kazi ifanywe upya kuitenganisha.

Kutoka mpandano wa kwanza hadi mfuko wa mbegu dukani ni miaka 10 au zaidi. Ni mwekezaji gani binafsi atakayesubiri miaka hiyo? Mbegu za mahindi chotara zina kampuni nyingi kwa sababu mkulima hulazimika kurudi dukani kila msimu. Ngano hujichavusha yenyewe. Mkulima akinunua mbegu bora mara moja, huweka magunia kadhaa ya mavuno na kupanda tena, na jirani humkopesha jirani. Aliyeitengeneza mbegu hapati hata senti ya pili. Ndiyo maana duniani kote kazi hii imebebwa na serikali, vyuo na wafadhili. Ule mradi mkubwa wa kupambana na Ug99 ulioanza mwaka 2008 chini ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ulitegemea fedha za taasisi ya Gates. Usalama wa chapati ya Nakuru na Arusha uliwekwa katika mfuko wa mtu wa Seattle. Si vibaya kushukuru, lakini mfadhili ana haki ya kuhamia jambo jingine siku yoyote.

Zamani hata mlowezi aliliona hili. Delamere, aliyekamata ardhi kubwa Bonde la Ufa mwanzoni mwa karne ya 20, alipoona kutu imemaliza ngano yake Njoro, aliajiri mtaalamu wa mbegu kwa fedha zake mwenyewe. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alikuwa na hasara mkononi na alitaka kuikomesha. Kituo cha serikali cha mbegu kikafuata hapo Njoro mwaka 1927.

Australia ilipata njia nyingine inayofaa kutazamwa. Baada ya sheria yao ya haki za watengeneza mbegu ya mwaka 1994, walianza kukata tozo wakati mkulima anapofikisha mavuno ghalani, dola chache za nchi hiyo kwa kila tani, kulingana na aina ya mbegu. Mkulima anaweza kuhifadhi mbegu atakavyo. Mavuno yakiwa mabaya hulipa kidogo, yakiwa mazuri hulipa zaidi. Fedha inamfikia aliyetengeneza mbegu, naye anapata sababu ya kutengeneza nyingine. Kampuni za mbegu za ngano zimekua huko kwa utaratibu huo.

Kwa Kenya hesabu ya mfano ni nyepesi. Mavuno ya ndani yamekuwa yakipanda na kushuka karibu na tani 300,000 kwa mwaka, sawa na magunia milioni 3.3 ya kilo 90. Tozo ya shilingi 20 za Kenya kwa gunia, ikikatwa langoni mwa kiwanda, ingeleta kama shilingi milioni 66. Ngano inayoagizwa kutoka nje ni karibu tani milioni 2. Tozo ileile ikiwekwa juu yake, jumla inapita shilingi milioni 500. Gunia moja hutoa unga wa kujaza pakiti kama 35 za kilo mbili, kwa hiyo mzigo kwa kila pakiti ni senti 57. Mabadiliko ya bei ya wiki moja tu hupita kiasi hicho.

Wasagaji watauliza kwa nini ngano ya nje itozwe kwa ajili ya utafiti wa Njoro. Jibu ni kwamba ngano hiyo ya nje nayo inasimama kwa kinga zilezile, na mbegu za nchi nyingi zilikuja Njoro kupimwa mbele ya kutu ambayo kwao ilikuwa haijafika. Zaidi ya hapo, kutu ikivuruga mavuno ya nchi moja kubwa inayouza nje, mwagizaji wa Mombasa ndiye atakayepigiwa simu usiku kuambiwa bei mpya. Mkulima wa ndani naye ana hoja nzito zaidi: tayari analipa ushuru wa kaunti, dizeli na dawa za kuvu. Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu tozo hii inapaswa kubebwa na msagaji, isikatwe katika malipo ya mkulima. Dawa ya kuvu inayopuliziwa mara mbili au tatu kwa msimu ni ghali kwa mwenye ekari tano kuliko kwa mwenye mashamba ya Narok yanayolimwa kwa kombaini. Mbegu yenye kinga huwasaidia wote wawili kwa kipimo kimoja.

Pingamizi kubwa kuliko yote halisemwi hadharani: kwamba fedha ikiingia serikalini haitoki. Aliyewahi kufuatilia makato ya mazao mbalimbali katika nchi hizi hawezi kucheka pingamizi hilo. Kwa hiyo mfuko huo usipitie hazina kuu. Uwe na bodi ambayo wasagaji, wakulima na waokaji wana viti, hesabu zake zichapishwe gazetini, na malipo kwa watafiti yategemee mbegu zilizotolewa na kupandwa. Mwokaji akae pale ili suala la unga unaonata lisikike kabla mbegu haijatoka, si baada ya miaka 20.

Wengine wataogopa neno jeni na kudhani hapa inasemwa habari ya mbegu zilizobadilishwa maabara, ambazo Kenya ilizipiga marufuku mwaka 2012 na kuzua mabishano mahakamani ilipotaka kuziruhusu mwaka 2022. Kupandanisha ngano na ndugu zake ni kazi ya chavua na subira. Ziko njia za kisasa za kuunganisha kinga kadhaa kwa pamoja na kuziingiza moja kwa moja, na mwaka 2021 wanasayansi walionyesha ngano yenye jeni tano za kinga ya kutu zilizounganishwa hivyo. Hiyo ni njia tofauti, yenye sheria zake, na tozo inayozungumzwa hapa haiitegemei.

Kwa Tanzania jambo ni hilohilo kwa kipimo kingine. Nchi inahitaji karibu tani milioni moja za ngano na huzalisha kama sehemu moja ya kumi, kutoka Hanang, Karatu, Kilimanjaro Magharibi na nyanda za juu za kusini. Kila kampeni ya kuongeza kilimo cha ngano inayotangazwa bila fungu la kutengeneza mbegu ni mwaliko kwa kutu.

Mahali pa kuanzia papo tayari. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ni asilimia 35, lakini kwa miaka mingi wasagaji wamekuwa wakiombewa nafuu na kulipa asilimia 10. Nafuu hiyo huombwa upya na kutangazwa katika gazeti la Jumuiya kila mwanzo wa mwaka wa fedha, mwezi Julai. Kenya imekwisha kuifunga kwa sharti kwamba msagaji anunue kwanza ngano ya wakulima wa ndani. Sharti la pili, la shilingi 20 kwa gunia kwa ajili ya mbegu, linaweza kuandikwa katika waraka uleule. Mwenye hisa chache katika kampuni ya kusaga unga anaweza kuuliza katika mkutano mkuu wa mwaka ni kiasi gani kampuni yake iliokoa kwa nafuu ya ushuru, na ni kiasi gani kati ya hicho kilikwenda Njoro.